Roma ya Kasulu, Roma ya Kibondo

Wako watu wa Kasulu ambao husali Roma kila Jumapili na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kutoka Kasulu hadi mji wa Roma ulioko Italia ni zaidi ya kilomita 5,000, na wengi wa watu hao hawajawahi kupanda hata treni ya Kigoma. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Wewe mwenzetu unasali wapi?" atakujibu bila kusita, "Mimi nasali Roma." Wala hakudanganyi. Jirani yake naye atakwambia kwamba binti yake ameolewa Roma, maana yake ameolewa na Mkatoliki wa hapo hapo ng'ambo ya mto. Na mzee mmoja wa Kibondo aliwahi kunitambulisha kwa wageni wake akisema, "Huyu mwalimu si Roma, lakini ni mtu mzuri."

Juma hili nimependa tulizungumzie jina hilo, Roma, pamoja na ndugu zake Rumi, Rum na Kirumi. Ni jina la mji mmoja wa kale, ambao masimulizi ya wenyewe yanasema ulianzishwa mwaka 753 kabla ya Kristo. Lakini katika Kiswahili chetu jina hilo mara nyingi si mji. Ni kanisa, ni dola, ni tarakimu, ni sura ya Kurani, ni waraka wa Paulo, ni sheria. Anayelitamka na anayelisikia huweza kuwa na vitu viwili tofauti kabisa vichwani mwao, na kule kwenye nyanda za juu za Kigoma nimeona jambo hilo likimtia mtu machozi. Nitafika huko. Kwanza tuanze pwani, maana ndiko jina lilikoingilia.

Jina hili liliingia Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni bahari. Waarabu walikuwa wakiwaita watu wa dola ile ar-Rum, na bahari iliyo kati ya Ulaya na Afrika Kaskazini waliiita Bahari ya Rum. Sasa hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Hao Rum wa Waarabu hawakuwa wakikaa Roma. Mfalme Konstantino aliuzindua mji wake mpya, Konstantinopoli, mwaka 330, na dola ya upande wa magharibi ilipoporomoka katika karne ya 5, ile ya mashariki iliendelea kwa miaka elfu nyingine. Watu wake walizungumza Kiyunani na wakajiita Warumi mpaka siku Waturuki walipouteka mji wao mwaka 1453. Kwa hiyo Kurani inapozungumza juu ya Warumi, katika Sura ya 30 iitwayo Ar-Rum, inawazungumzia hao wa Konstantinopoli, waliopigwa na Waajemi na ambao wangeshinda tena baadaye. Yerusalemu ilitekwa na Waajemi mwaka 614, na haikupita miaka mingi kabla Mfalme Herakli hajawageuzia kibao.

Herakli huyo ni mtu wa nyumbani katika fasihi yetu, ingawa wengi hawajui. Mojawapo ya tenzi za kale kabisa za Kiswahili ambazo hati zake zimesalia, Utenzi wa Herekali wa Mwengo bin Athumani wa Pate, ulioandikwa mwaka 1728, unasimulia vita kati ya Waislamu na mfalme huyo wa Rum. Maana yake ni kwamba mshairi wa Pate alikuwa akimwimba mfalme wa Warumi karibu miaka 150 kabla misheni yoyote haijafika Ujiji. Hata yule mshairi Jalaluddin, anayesomwa siku hizi na vijana wa Ulaya na Marekani, aliitwa Rumi ijapokuwa alizaliwa Balkh mwaka 1207, mbali kabisa na Italia. Aliishi na kufa Konya, katika nchi ya Uturuki ya leo, na kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa ya Warumi zamani, jina likamganda. Mji ulikwisha ondoka katika jina lake, likabaki jina tupu.

Misafara ya pwani iliufikisha Uislamu Ujiji, na hiyo Rum ya Waarabu ikafika pamoja nao. Mtoto wa chuo pale Ujiji akishika juzuu anakutana na Rum. Kutoka Ujiji kupanda hadi Kasulu ni karibu kilomita 100 tu, lakini ukifika huko juu, mtoto mwenziwe anakutana na Roma nyingine.

Ndio mlango wa pili huo, mlango wa misheni. Mapadri Weupe, wale wa Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji Januari 1879. Mwaka huo huo wakajaribu kuanza kazi Rumonge, upande wa Urundi, na mwaka 1881 mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa huko. Lakini wengine hawakukoma. Kwa miaka iliyofuata walipanda milima, na Kabanga, karibu na Kasulu, ikawa jina kubwa: kanisa, shule, hospitali. Mapadri wenyewe wengi walikuwa Wafaransa, Wabelgiji na Waholanzi. Lakini wenyeji waliposikia kwamba mkubwa wa wakubwa wao anakaa Roma, na kwamba sala zao zinasemwa kwa lugha ya Roma, waliona hakuna haja ya kuulizia makabila yao. Hao ni Roma, basi.

Nisimame kidogo hapo. Kiswahili hakikusema kwamba watu hao ni "wa Roma" kama tusemavyo mtu wa Tabora au wa Mwanza. Kilisema "ni Roma". Jina la mji likawa jina la mtu. Likapata wingi wake, Waroma, na Waroma hao hawana uhusiano wowote na wakazi wa mji ule. Padri wa Roma anaweza kuwa Muha wa Makere, na shule ya Roma ilikuwa chini ya mwembe. Tena si jambo la Kigoma peke yake. Msanii mmoja maarufu wa muziki wa kizazi kipya anajiita Roma Mkatoliki, na jina lake ni Ibrahim, wala hakuna mpenzi wake hapa Dar es Salaam anayedhani kijana huyo ametoka Italia.

Naye mkubwa wa Roma, yaani Papa, alilazimika kupata jina jingine. Watu wa pwani walikuwa na papa wao baharini tangu zamani, na si mnyama wa kumweka madhabahuni. Nadhani ni sababu mojawapo ya watu wengi kupenda zaidi kusema Baba Mtakatifu. Huko Kasulu na Kibondo, ambako samaki wa baharini hajulikani, hawakuwa na taabu hiyo.

Upande mwingine wa kilima walikuwako Waprotestanti. Baada ya Waingereza kuichukua Buha kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, Waanglikana wa CMS nao waliingia, na kazi yao ilikua hata Kasulu ikawa makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966. Wasabato nao walijenga Heri, hospitali inayojulikana mpaka leo. Hapo ndipo jina likawa na makali. Kwa mtoto wa Kianglikana, Roma ni wale wengine. Shule zilikuwa za misheni, kwa hiyo mtoto alisoma kule ambako baba yake alibatizwa. Wapo waliokatazwa kuoana, na wapo waliobatizwa mara ya pili ili waoe. Serikali ilipozitwaa shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ilifungua mlango mmoja mkubwa, ingawa wakongwe wa pande zote mbili walinuna.

Sasa fikiria mtoto huyo wa Kianglikana anafungua Agano Jipya na kukuta waraka kwa Warumi. Waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliufuata mlango wa bahari: mji wakauandika Rumi, na watu wake Warumi. Kwa hiyo Rumi ya Paulo na Roma ya Kabanga zikawa vitu viwili, na sidhani mtoto yeyote wa kilimani alizihusisha. Baadaye ilikuja tafsiri ya Habari Njema, iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, nayo ikaandika Roma na Waroma. Nimemsikia mzee mmoja, msomaji hodari wa Maandiko, akihoji kwa uchungu kwa nini waraka aliousoma tangu ujana wake sasa wamepewa Wakatoliki. Nilicheka, halafu nikaona kwamba swali lake halikuwa la kipumbavu hata kidogo. Ni waraka huo huo ambao Martin Luther aliusoma mpaka akagombana na Roma tangu mwaka 1517. Huyu mzee, bila kujua, alikuwa akilinda mpaka uliowekwa miaka 500 iliyopita, na alikuwa akiulinda kwa herufi mbili tu, u na i.

Kwa Wasabato wa Heri jina lina kazi nyingine tena. Wao katika mafundisho yao juu ya ile sanamu ya kitabu cha Danieli hufundisha kwamba miguu ya chuma ni Rumi, dola ya nne. Hapo Rumi si mji wala kanisa la jirani. Ni kipindi katika saa ya Mungu.

Na kabla sijaziacha habari za dola, nitaje na Kaisari. Watu wa Buha walitawaliwa na Kaisari, na sisemi hivi kwa mzaha. Neno Kaiser, cheo cha mfalme wa Wajerumani, ni lile lile Caesar la Warumi, jina la mtu lililogeuka kuwa cheo. Wajerumani walipoweka utawala wao katika nchi hii, watu walidaiwa kodi, na fedha ya kulipia ilikuwa rupia yenye kichwa cha Wilhelm wa Pili. Maandishi yaliyozunguka kichwa hicho hayakuwa ya Kijerumani. Yalikuwa ya Kilatini: Guilelmus II Imperator. Kwa hiyo yule katekista wa mwanzo aliyefundisha habari ya sarafu yenye sura ya Kaisari hakuwa na haja ya kuchora picha ubaoni. Alitia mkono mfukoni tu, kama alikuwa nayo. Wengi hawakuwa nayo, na kuitafuta hiyo fedha ya kodi ndiko kulikowaanzisha Waha safari za kwenda kuuza nguvu zao mbali, safari ambazo wakati wa Mwingereza ziliwafikisha kwenye mikonge ya Tanga. Huko waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba.

Namba zenyewe hazikuwa za Kirumi, kwa bahati. Namba za Kirumi sisi tumeziachia mambo ya heshima: darasa la VII, kidato cha IV, uso wa saa ya ukutani. Miezi nayo ni ya Warumi, Julai ikiwa ya Julius Caesar na Agosti ya Augustus, lakini hiyo tumeizoea mno kiasi kwamba hakuna anayeisikia. Na wale wapendao kutuambia kwamba ukiwa Roma ufanye kama Waroma, naona wanajisumbua kuvuka bahari. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Nimesema kwamba nimeona jina hili likimtia mtu machozi. Tufike huko sasa.

Nyanda hizi za Kasulu na Kibondo zinapakana na Burundi, na lugha ya Waha na ya Warundi ni ndugu wa karibu sana. Ndiyo maana kila Burundi inapowaka moto, moshi huonekana Kibondo kwanza. Walikuja mwaka 1972. Wakaja tena kwa makundi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, zikafunguliwa kambi za Mtabila, Kanembwa, Nduta na nyingine. Wengi walirudi kwao, na Mtabila ikafungwa mwaka 2012. Haikupita muda. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka kipindi cha tatu, watu wakaanza kukimbia tena. Wengine walipitia Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakapelekwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi ambayo ilikwisha kujaa Wakongo tangu 1996. Nyarugusu ilipofurika, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Waliovuka kuingia Tanzania walizidi laki mbili.

Katika kambi hizo, jambo la kwanza watu walilojenga baada ya vibanda vyao lilikuwa mahali pa kusali. Na hapo kwa jina hili walipata nyumba. Mtu aliyepoteza kijiji, ng'ombe na ndugu, akiulizwa wewe ni nani, bado alikuwa na jibu: mimi ni Roma. Kwa kibarabara cha vumbi atafika kwenye turubali lenye msalaba, na atawakuta watu wanaoimba nyimbo anazozijua. Nimesikia watu wa mjini wakibeza kwamba ni udini. Mimi siwezi kulibeza. Ni anwani iliyosalia baada ya anwani nyingine zote kufutwa.

Mwaka 2016, mwezi wa Oktoba, redio za nje zinazotangaza kwa Kiswahili zilisema kwamba Burundi inajitoa katika Mkataba wa Roma. Nilikuwa Kibondo siku zile. Mama mmoja wa makamo, Mrundi, alinijia pale nilipokaa na wenyeji wangu, akanisalimu kwa adabu kama wafanyavyo wao, mikono miwili, akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli wameikataa Roma? Sasa mapadri wetu kule watafukuzwa wote?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Anayejua mambo ya magazeti angecheka. Lakini hebu mtazame mama huyu. Alikuwa mtu mzima wakati wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, ambaye serikali yake iligombana na Kanisa Katoliki hata wamisionari wakafukuzwa na misa za siku za kazi zikazuiwa. Na mwaka 2015 aliwasikia maaskofu wa nchi yake wakikipinga kipindi cha tatu, akaona wakiwaondoa mapadri wao katika tume za uchaguzi. Kwa mtu aliyeyaona hayo, habari kwamba serikali imejitoa Roma ilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo aliipata kwa akili zake timamu. Kosa halikuwa lake. Mtangazaji alitaja mji, akidhani kila mtu anajua ni mkataba gani.

Nilimweleza nilivyoweza. Kwamba Julai 1998 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Roma wakakubaliana kuunda mahakama ya kuwahukumu wakubwa wanaoua na kutesa raia, na kwamba mapatano yale yakachukua jina la mji walimokutana. Kwamba mahakama yenyewe haiko Roma, iko The Hague, Uholanzi, na ndiyo ile ambayo Wakenya baada ya ghasia zao za 2007 na 2008 waliizungumza hata Hague nayo ikageuka kuwa neno la mitaani. Kwamba mkataba ulianza kufanya kazi Julai 2002, Tanzania imo tangu mwaka huo, na Burundi iliingia mwaka 2004. Kwamba Baba Mtakatifu hahusiki, na parokia yake haijaguswa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akashukuru kwamba mapadri wako salama. Halafu akakaa kimya kwa kitambo, na swali la pili halikuwa na machozi: "Kwa hiyo wamejitoa ili wasiulizwe?"

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile, kwa sababu majibu yalikuwa bado hayajatoka. Sheria ya mkataba ilitaka mwaka mzima upite tangu taarifa kutolewa. Burundi ikawa nchi ya kwanza duniani kuondoka katika mahakama ile, tarehe 27 Oktoba 2017. Siku mbili kabla, tarehe 25 Oktoba, majaji wa The Hague walikuwa wamekwisha kutoa kibali cha kuchunguza makosa yaliyotendwa tangu Aprili 2015 hadi siku ya mwisho ya uanachama. Uamuzi huo ulitangazwa hadharani mwezi uliofuata. Ulieleza kwamba nchi ikijitoa, yale yaliyotendwa ilipokuwa ndani bado yanadaiwa, na kibali chenyewe hakikuishia mpakani. Kilihusu pia yale yaliyodaiwa kutendwa na raia wa Burundi nje ya nchi yao.